Jigambo la Ukoo wa Tumbusi

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hamjala nini nyinyi? Paukwa!

— Pakawa!

Ng'ombe?

— Wa malisho!

Mzoga?

— Wa tumbusi!

Na mvivu wa kuitikia?

— Alale bila kusikia!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipokutana njiani wakaulizana habari za nyumbani, palikuwa na nchi iliyoitwa Ilumba. Ndiyo nchi waliyotoka wazee wangu. Na kabla sijaendelea, nawaambia kabisa, ili msije mkasema bibi amewaficha: mimi ni mtu wa ukoo wa Tumbusi. Ndiyo, tumbusi huyo huyo, mwenye upara, mla mizoga. Cheka, wewe uliyeegemea nguzo. Cheka umalize. Ukishamaliza, tega sikio.

Katika Ilumba kila ukoo ulikuwa na mnyama wake. Watu wa ukoo wa Chui hawakumwua chui. Watu wa ukoo wa Popo hawakumwua popo. Mnyama wa ukoo hakuwa mali, alikuwa ndugu. Mkimkuta amekufa njiani, mlimfunika majani na kumkalia matanga siku moja.

Na kila mwaka, mtama ukishavunwa na kuingizwa ghalani, nchi nzima ilikutana uwanjani kwa Mtemi, mchana kweupe, kwa majigambo. Kila ukoo ulitoa msemaji mmoja. Msemaji alipiga mguu chini mara tatu, akamsifu mnyama wake mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Akimaliza aliuliza, "Nani shahidi wangu?"

Hapo ilibidi mtu wa ukoo mwingine asimame, aseme, "Mimi shahidi. Nimeona." Si ndugu yako, la. Ndugu atakusifu hata ukiwa na pua ya nguruwe. Shahidi alitoka mbali. Jigambo lililokosa shahidi lilihesabiwa limeanguka, na ukoo wake ulichekwa mpaka mvua za mwaka wa pili. Ulichekwa tu, basi. Hakuna aliyefukuzwa.

Mambo yaliharibika siku Fisi alipopata nafasi ya kukaa karibu na sikio la Mtemi.

Mtemi huyo aliitwa Ngasa, wa ukoo wa Chui. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vizuri tu, na huo nao ni ugonjwa. Alipenda ngozi zenye madoa, ndege wenye mikia mirefu, ng'ombe weupe wenye pembe zilizolingana. Kitu kibaya cha sura kikipita mbele yake, aligeuza uso.

Fisi akamwendea, akainama, akasema, "Mtemi wangu, nimetembea nchi za watu. Wenzako wana wanyama wachache, lakini wazuri. Hapa kwetu kila kinachotambaa kina ukoo. Hata chura! Wageni wakija watakuonaje?"

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Usifanye lolote. Acha majigambo yafanye. Sema tu hivi: jigambo likianguka, mnyama wake aondoke na ukoo wake uvunjwe. Mwisho utabaki na wazuri watupu."

Fisi alitaka nini? Fisi anataka nini siku zote? Anataka mizoga. Na aliyekuwa akimwahi kwenye kila mzoga ni nani? Eheee, mmeanza kuelewa. Lakini Fisi hakumtaja tumbusi hata kidogo. Mjanja haanzii pale anapotaka kufika.

Mwaka wa kwanza Mtemi akatangaza sheria hiyo uwanjani. Watu wakacheka wakidhani anatisha tu. Akasimama Mhoja, mrina asali, msemaji wa ukoo wa Chura.

Sasa chura wa Ilumba si chura mnayemjua. Alikuwa mdogo, anatosha juu ya ukucha wa kidole gumba, rangi yake ya ndizi mbivu. Aliishi kwenye chemchemi moja tu, chemchemi yetu. Hakuwepo pengine popote chini ya jua. Mhoja akapiga mguu chini, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Mimi ndimi mdogo mwenye sauti kubwa!
Ndimi mlinzi wa chemchemi!
Ulimi wangu mfupi kwa maneno, mrefu kwa mbu!
Nani shahidi wangu?"

Kimya.

Watu wakatazamana. Miaka yote walikuwa wamelala bila kusumbuliwa, lakini nani anamshukuru mtu kwa mbu ambaye hakumuuma? Nani anaikumbuka homa ambayo haikumpata?

Miongoni mwa walionyamaza alikuwemo mwanamke mmoja, mfinyanzi wa vyungu, jina lake Kalekwa. Huyu ndiye msemaji wa ukoo wa Tumbusi, na ndiye nyanya wa nyanya yangu. Kalekwa alijua. Alichimba udongo wake kando ya chemchemi siku zote, na kwa macho yake aliwaona vyura wakinasa mbu toka asubuhi hadi jioni. Mdomo ulimwasha aseme. Lakini ukoo wa Chura na ukoo wa Tumbusi walikuwa watani, na mwaka uliopita Mhoja alimtania upara wa tumbusi mpaka uwanja mzima ukagaagaa kwa kicheko. Kalekwa akasema moyoni, "Leo na achekwe yeye. Chura si wangu."

Hapo alikosea. Mtani atakucheka hata matangani, ni haki yake, lakini kaburi lako huchimba yeye. Kalekwa alikumbuka kicheko akasahau jembe.

Jigambo la Mhoja likaanguka. Askari wa Mtemi wakaenda chemchemini na vikapu. Wakawazoa vyura wote, wakubwa kwa wadogo, wakawabeba hadi mbuga kavu ya mashariki, wakawamwaga huko. Mhoja alilia mbele za watu, mtu mzima yule. Yeye na ndugu zake wakaingizwa ukoo wa Chui kama wageni, na mgeni hakuwa na neno uwanjani.

Mwaka huo mbu wakaja. Wakaja wengi, na homa nyuma yao. Mtemi akasema, "Chomeni mavi ya ng'ombe ndani ya nyumba." Watu wakachoma, wakakohoa, macho yakawa mekundu. Hakuna aliyelitaja jina la chura.

Mwaka wa pili Fisi akarudi sikioni. "Mtemi, umemwona popo anavyolala? Kichwa chini, makalio juu. Hayo makalio anamwonyesha nani kama si wewe?"

Mtemi akakasirika mpaka shanga zikamtikisika kifuani.

Siku ya majigambo akasimama Milembe, mkulima wa mtama, msemaji wa ukoo wa Popo. Akapiga mguu mara tatu.

"Mimi ndimi mlinzi wa shamba gizani!
Mkulima akilala, mimi naamka!
Nondo anayekuja kutaga kwenye mtama wako,
Namla yeye na mayai yake tumboni!
Nani shahidi wangu?"

Kimya.

Safari hii Kalekwa alinyanyuka, akafika nusu. Fisi akamwona. Akamwambia kwa upole kabisa, "Kalekwa, mama, ukoo wako haujasema bado. Au umesahau?" Kalekwa akamfikiria tumbusi wake. Akaketi.

Nawaambia aibu hii mimi mwenyewe, mjukuu wake. Ukoo unaojigamba na kuficha aibu zake ni ukoo wa waongo, na sisi si waongo.

Askari wakawasha moto wa pilipili mlangoni mwa pango. Popo wakatoka wakipiga chafya, wakaenda zao milima ya mbali. Milembe na ndugu zake wakawa wageni katika ukoo wa Chui.

Mwaka huo nondo wakataga wapendavyo. Viwavi wakashuka kwenye mtama. Mtemi akasema, "Waokoteni kwa mikono." Watu wakaokota mpaka vidole vikawa kijani. Kesho yake viwavi walikuwa wengi kuliko jana. Watu wakavuna kikapu pale walipozoea kuvuna ghala. Na bado hakuna aliyelitaja jina la popo.

Mwaka wa tatu Fisi hakunong'ona tena. Alisema kwa sauti: "Mtemi, ng'ombe wako ni weupe, nchi yako inapendeza. Lakini juu angani kuna mapara yanazunguka. Mizoga mimi nipo. Natosha."

Zamu ya ukoo wa Tumbusi ikafika. Kalekwa akasimama. Hakuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, maana alitoka moja kwa moja kazini. Akapiga mguu chini, vumbi likaruka. Akapiga tena. Akapiga tena. Sikilizeni sasa, jigambo hili kwetu mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu vidole vyake.

"Mimi ndimi mwenye upara wa kazi!
Kichwa changu hakina manyoya, uchafu hauna pa kushika!
Ndimi wa kwanza msibani, wa mwisho kushukuriwa!
Kilichooza kwenu, kwangu ni chakula!
Ugonjwa ukiingia tumboni mwangu, hautoki tena!
Simwui mtu, simwui ng'ombe, siibi kuku wa mjane!
Mnapita mmeziba pua, na mimi ndiye ninayewaondolea harufu!
Nani shahidi wangu?"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Hata wale wa koo za ndege wenye mikia mirefu walipiga makofi. Lakini makofi si ushahidi.

Akasimama Mhoja. "Mimi shahidi! Nimeona!"

Fisi akauliza, "Wewe ni wa ukoo gani?"

Mhoja akaketi.

Akasimama Milembe. "Mimi shahidi! Nimeona!"

"Na wewe ni wa ukoo gani?"

Milembe naye akaketi. Mgeni hana neno.

Kalekwa akazungusha macho uwanjani. Wengine wote walikuwa wameinama, kila mmoja anamfikiria mnyama wake, kila mmoja anaomba zamu yake ipite salama. Ndipo Kalekwa akaona kwamba mashahidi wake alikuwa amewapoteza mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kukaa kimya.

Mtemi akasema, "Limeanguka. Kalekwa, ingia ukoo wa Chui, ule na kunywa nasi."

Kalekwa akajibu, "Mtemi, nakuheshimu. Udongo upo kila mahali, nitafinyanga popote. Lakini ukoo wangu siuvunji. Tumbusi akiondoka, nami naondoka naye."

Mwanamke mmoja, mikono ya udongo, mbele ya askari wenye mikuki!

Askari wakaangusha viota kwa mawe. Tumbusi wakapaa, wakaelekea kilima cha Nkungu, mwendo wa asubuhi moja. Kalekwa akajitwika vyungu vyake viwili na mkeka, akawafuata kwa miguu.

Mwezi haukuisha. Ng'ombe mweupe wa Mtemi akafa malishoni. Zamani ng'ombe akifa Ilumba, hakuna aliyeshika jembe. Tumbusi walishuka, na jua halijafika utosini mifupa ilikuwa safi. Sasa mzoga ukalala pale, ukavimba. Ng'ombe wenzake wakala majani kando yake, nao wakaugua. Wakafa watatu. Wakafa tisa. Mtemi akamwita Fisi.

"Fisi, ulisema unatosha."

"Natosha, Mtemi!"

Fisi akala mzoga wa kwanza, akalamba midomo. Akala nusu ya wa pili, tumbo likagusa ardhi. Akautazama wa tatu, akajikalia kivulini.

"Vipi, Fisi?"

"Natosha, Mtemi, napumzika tu."

Kesho yake wakafa ishirini. Fisi akatapika, akala kidogo, akatapika tena. Mtemi akaja akiwa ameziba pua kwa kitambaa. "Vipi, Fisi?" Fisi akaondoka akiburuta miguu ya nyuma, akaingia porini, hakurudi tena kwa Mtemi. Mpaka leo akila hutazama nyuma, anaogopa kuulizwa kama anatosha.

Kisha mvua ikanyesha. Maji yakapita kwenye mizoga, yakaingia chemchemini. Watu wakanywa, matumbo yakawakata. Watoto wakalala mikekani hawainuki. Mtu mmoja mwenye akili akahesabu mizoga na siku, akamwambia Mtemi, "Siku nane tukikaa hivi, tumekwisha."

Mtemi akatuma zawadi kwa Kalekwa, vitambaa na asali. Kalekwa akazirudisha. Akatuma askari. Askari walifika kilimani, wakaona tumbusi wamejipanga juu ya mawe wakiwatazama kimya, wakashuka wenyewe bila kuitwa. Mara ya tatu akaenda mwenyewe, kwa miguu, bila vazi lake la utemi na bila shanga.

"Kalekwa, mama," akasema, "nimekosea. Watu wanakufa. Mwambie tumbusi ashuke."

Kalekwa alikuwa anafinyanga. Hakuacha kazi, lakini machozi yalimtoka, maana waliokuwa wakifa walikuwa wa kwao pia. Akainua uso, akamwimbia tumbusi mkuu, jike kubwa waliloliita Mama Kipara:

"Kipara, Kipara, mama wa heshima,
Shuka, shuka, nyumbani kumeharibika,
Shuka, shuka, mwanao nimechoka."

Mama Kipara akatua mbele yao, akakunja mbawa zake. Akamtazama Mtemi kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili.

"Peke yangu siji," akasema. "Mimi nakula mzoga wa ng'ombe. Ng'ombe anakula majani. Viwavi wakiyamaliza majani, mimi nitakula nini mwakani? Na mchungaji akilazwa na homa, ng'ombe atachungwa na nani? Mliwafukuza watatu. Niitieni wenzangu kwanza."

"Siku zimebaki chache, mama!" Kalekwa akasema.

"Basi tembea haraka."

Siku ya kwanza Kalekwa na Mtemi wakaenda milima ya mbali. Walitembea bila kula, wakafika jua likiwa bado juu. Popo walikuwa wamening'inia pangoni. Kalekwa akawaita, akawaomba msamaha kwa jina lake mwenyewe, kwa ile siku aliyosimama nusu akaketi.

Popo mzee akasema, "Wewe tumekusikia. Lakini huyu alisema tunamwonyesha makalio. Na ainame, aitazame dunia tunavyoitazama sisi."

Mtemi Ngasa, mtawala wa Ilumba yote, akapanua miguu, akainama, akapenyeza kichwa katikati ya magoti. Akakaa hivyo mpaka damu ikajaa usoni. Cheka, sasa cheka kwa ruhusa yangu.

"Unaona nini?" popo akauliza.

"Naona mbingu iko chini na shamba langu liko juu," Mtemi akajibu kwa taabu. "Naona wadudu wengi hewani. Wengi! Sijawahi kuwaona."

"Sisi huwaona hivyo kila siku. Inuka. Tunakuja."

Siku ya pili wakaenda mbuga ya mashariki, na Mhoja akaongozana nao. Alikuwa amebeba maji ya chemchemi ndani ya chungu, yale masafi aliyoyaweka akiba, ili vyura wapate pa kukaa njiani. Nyasi zilikuwa zimekauka, ardhi imepasuka. Mhoja akachutama, akaimba wimbo wa ukoo wake, ule wa kuwaita vyura mvua zikikaribia.

"Mdogo, mdogo, sauti kubwa,
Maji yamefika, toka."

Kimya.

Akahamia penye kichaka, akaimba mara ya pili. Kimya.

Wakatembea mpaka mwisho wa mbuga, wanafunua kila jiwe, wanachungulia kila ufa. Mtemi naye alipiga magoti, akachimba kwa kucha. Mhoja akaimba mara ya tatu, sauti ikamkatika katikati. Hakuna kilichojibu. Chini ya jiwe moja Kalekwa alikuta ngozi kavu ya rangi ya ndizi, nyepesi, ikavunjika alipoigusa.

Mtemi akasema, "Tutawatafuta nchi nyingine. Tutawapata kwingine."

Mhoja akamtazama. "Kwingine wapi, Mtemi? Walikuwa hapa kwetu tu."

Mtemi alikuwa na nguvu za kumfukuza chura siku moja kwa vikapu, lakini nguvu za kumtengeneza chura mmoja, hata mmoja tu, hakuwa nazo. Alikaa chini kwenye vumbi akalia, na Mhoja, ambaye alikuwa na haki ya kumpiga, akamnywesha yale maji.

Siku ya tatu wakapanda kilima cha Nkungu. Kalekwa akasimama mbele ya Mama Kipara, mikono mitupu.

"Popo amerudi," akasema. "Chura hayupo. Tulimtafuta kila mahali. Hayupo tena duniani, mama. Tumemmaliza sisi. Wao kwa vikapu, mimi kwa kunyamaza."

Alidhani amekosa kila kitu. Alidhani tumbusi watapaa waende wasikorudi, na Ilumba ife. Mama Kipara akageuza kichwa kuitazama Ilumba, upepo unachezea manyoya ya shingo yake.

"Mtalisema hilo uwanjani?" akauliza. "Kila mwaka? Hata watakapokuwa hawapo waliolifanya?"

Kalekwa akasema, "Tutasema." Mtemi akasema, "Tutasema."

Mama Kipara akafungua mbawa.

Ndugu zangu! Laiti mngeona! Nami sikuona, lakini nimesimuliwa na aliyesimuliwa na aliyeona. Mbingu ya Ilumba iligeuka nyeusi kwa mbawa. Walishuka mmoja, wakashuka kumi, wakashuka wasiohesabika. Wale wenye upara, wale wabaya wa sura, waliopigwa mawe! Hawakutoa neno la kisasi. Waliinamisha shingo zao ndefu wakafanya kazi. Jua lilipofika utosini, mizoga yote ilikuwa mifupa mitupu, na upepo ulipopita haukuwa na harufu. Siku ya saba maji ya chemchemi yalikuwa safi. Watoto wakaketi, wakaomba uji. Jioni popo wakatoka pangoni, na viwavi wakapungua.

Mtemi Ngasa akasimama akitazama, mikono kichwani. "Hakuna kizuri kama hiki nchini mwangu," akasema. Hatukumwomba aseme. Alisema mwenyewe.

Majigambo yaliyofuata, koo zilizovunjwa zikarudishiwa majina. Na sheria ikabadilika: tangu siku hiyo, Ilumba, hakuna anayemsifu mnyama wake mwenyewe. Kila ukoo humsifu mnyama wa mtani wake. Jigambo la tumbusi mlilolisikia, husemwa na watu wa ukoo wa Popo, na la popo husemwa na Chui, kwa sauti, mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Sisi hukaa chini, tunakunja mikono, tunasifiwa. Ni raha sana.

Na ukoo wa Tumbusi humsifu nani? Sisi ni watani wa Chura.

Siku ile ya kwanza Kalekwa alisimama katikati ya uwanja. Akapiga mguu chini mara tatu. Watu wakangoja jigambo. Kalekwa akasema tu:

"Mimi shahidi. Nilimwona, na nikanyamaza."

Mhoja akasimama. Milembe akasimama. Mtemi akasimama. Uwanja mzima ukasimama.

Nimesema maneno hayo mimi mwenyewe, miaka kumi na moja mfululizo, tangu nilipopewa usemaji wa ukoo. Huyo chura sikumwona, nilizaliwa hayupo. Lakini nasema "nilimwona", maana aliyeahidi alikuwa nyanya wa nyanya yangu, na ahadi yake ni yangu. Hakuna ukoo mwingine ninaoujua unaosimama mbele ya watu na kutaja kosa lake kwa kichwa kilichoinuliwa. Ndiyo maana nikiulizwa mimi ni nani, sijibu kwa kunong'ona.

Sasa nawasikia mnajipiga makofi mapajani na shingoni. Paa! Paa! Mbu hao. Nyanya zenu wa kale hawakuwajua mbu wa namna hiyo. Kila mnapopiga kofi, ujueni hapo ndipo alipokuwa akikaa yeye, yule mdogo wa rangi ya ndizi.

Basi funzo lake ndilo hili, lisikieni na mwenye usingizi: kila kiumbe ana kazi yake, hata usiyoiona, na anayenufaika ni wewe. Mnyama wa mwenzako akifukuzwa, usiseme si wangu. Simama ukiwa bado una sauti, na huyo mnyama akiwa bado yupo, kwa maana aliyekwisha hatengenezeki, hata uwe mtemi wa dunia nzima.

Hadithi nimeitua hapa, kama mtu anavyotua mtungi mlangoni. Aliyeona kiu na anywe, aliyeshiba ambebee jirani. Na anayetaka kunicheka kwa ajili ya upara wa ndugu yangu, asimame kwanza aseme ukoo wake.